Msiukate Mkia wa Gari

Sikilizeni, wanangu, maana sauti hii haitarudia. Herman, sogea karibu na dada yako Marieta. Tangu Jumapili hamsemeshani kwa ajili ya gari langu. Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, lakini mimi jembe silishiki tena, ndiyo maana naingilia.

Nimesikia, Herman, umeongea na fundi wa kuchomelea akate nyuma ya gari langu liwe pikapu, jeneza langu liingie, nirudi Bashay kuzikwa ndani ya gari nililoendesha teksi hapa Katesh, na baadaye ubebee vitunguu saumu. Umeniheshimu, baba, nimelia kwa furaha. Lakini usikate.

Upepo una njia yake. Unapita juu ya paa, unateremka taratibu kwenye kioo cha nyuma kilicholala, ukifika ukingo wa buti unaachana na gari kwa amani. Ukiukata mkia ule, upepo unakosa pa kushukia, unajiviringisha hapo nyuma, unalivuta gari lisiende, mafuta yanakwisha, na vumbi lote linarudi ndani. Mama yenu Fransiska ndiye aliyenionyesha. Gari letu la kwanza lilikuwa na mgongo wima kama ukuta. Alikuwa akishuka kanisani kitambaa chake cheupe kimekuwa chekundu, na wewe Marieta mgongoni unahema kwa pumu. Tulipopata hili, alishuka na kitambaa kile kile, cheupe, akacheka. Nilimpenda sana siku ile.

Wala msiniingize kwa kuacha buti wazi mkalifunga kwa kamba, kama watu wanavyobeba magunia ya mnadani. Vumbi ni lile lile, na moshi juu yake, na kifua cha Marieta hakijapona. Majuto ni mjukuu, wanangu.

Gari ni lenu wote wawili, na shamba la Bashay vilevile. Vitunguu bebeni kidogo kidogo, buti limefungwa.

Nipeni maji... Asante, Marieta mwanangu.

Jeneza mwombeni jirani yetu Tluway alibebe, ana lori la mahindi. Herman, mpakie dada yako kwenye gari, pandisha vioo, mtangulie mbele. Mungu awape pumzi ndefu, na mvua, na... na kusameheana. Mimi nitafuata nyuma na lori. Vumbi lenu niachieni mimi... haliniumizi tena. Ninyi tangulieni.