Miti Mia Moja Arobaini na Miwili ya Mbuthia

Ndugu, majirani na wenzetu wa kazini, haya yanasomwa na Mwihaki, dada mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia, na akikatiza kusoma mumvumilie, nyumba nzima imechoka.

Mbuthia Kibe alizaliwa Kabiria tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa Mzee Kibe na Mama Wangeci, akasoma shule ya msingi papo hapo mtaani, akamaliza sekondari mwaka 1989, akasomea uhasibu jioni huku mchana akiuza misumari dukani kwa mjomba, na Februari 1995 akaajiriwa karani katika benki moja katikati ya jiji. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Peres Ochola, ambaye wazee wetu walimnunia mwaka mzima kwa kuwa hakuwa wa kabila letu, kisha wakampenda kuliko walivyompenda Mbuthia mwenyewe, na Mungu akawajalia Anita na Shem.

Mwaka 2021 benki ilimpa dawati la mazingira na jamii, ambalo waliomtangulia walilichukua kama likizo. Kila Aprili wafanyakazi walivaa fulana za kijani, wakapanda miche elfu mbili kando ya mto chini ya mtaa wa Loresho, wakapigwa picha, wakarudi mjini, na ripoti ikasema miti elfu mbili inakua. Ripoti yake ya kwanza Mbuthia aliitia sahihi bila kwenda kuangalia, na kiangazi kilipofika akaenda, akakuta vijiti vikavu, na kwa aibu hiyo hakuwahi kuisamehe nafsi yake.

Tangu hapo Jumamosi zake ziliishia huko na mitungi ya maji, Peres akilalamika, na mwaka 2022 akaandika kwamba kati ya miche elfu mbili ya mwaka uliotangulia, iliyo hai ni mia moja arobaini na miwili. Mkubwa wake, Bwana Wahome, alimwita, akamweleza kwa upole kwamba wafadhili wanaisubiri ripoti, na kwamba hakuna atakayeenda kuhesabu miti matopeni, naye akajibu, "Boss, mimi nimeenda nikahesabu, na sisaini uongo mara ya pili." Sahihi ikatiwa na mwingine, elfu mbili ikachapishwa, Mbuthia akahamishiwa stoo ya faili. Hatutasema alishinda, maana hakushinda, na ilimuuma.

Novemba 2023 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi asubuhi ya Jumanne tarehe 3 Juni 2025 alipotuacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa Peres.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kabiria waliompeleka hospitali kwa zamu bila kuombwa, na wenzake wa benki, akiwemo Bwana Wahome aliyeketi nasi hapa, ambaye ametuletea barua kwamba benki itapanda miti elfu moja kwa jina la marehemu. Familia inashukuru, ila inaomba upandwe mmoja tu, na mtu atajwe hapa leo, mbele yetu sote, wa kurudi kuumwagilia maji.

Mbuthia, umechoka vya kutosha. Pumzika, ndugu yetu.