Bwana Kabla na Sanduku Lisilochukuliwa

Ndugu, jamaa na majirani, kabla udongo haujamfunika mjomba tunaomba muwe watulivu kidogo. Wasifu huu ni mrefu kuliko ilivyozoeleka, na una sehemu ambayo yeye mwenyewe aliagiza isirukwe. Anayeusoma ni mpwa wake, aliyeishi naye miaka yake ya mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, jirani kabisa na stesheni. Baba yake ndiye aliyeamua treni ipi ipite na ipi isubiri kwenye njia ya pembeni. Marehemu akiwa mdogo aligundua kwamba inayosubirishwa siku zote ni treni ya mizigo, akamwuliza baba yake kosa lake ni nini. Baba akamjibu kwamba haina kosa, ila haina mdomo. Mtoto akalia na chakula akakisusia. Dada yake, ambaye ndiye mama wa msomaji wenu, alimtania kwa jambo hilo hadi uzeeni, akisema hajapata kuona mtu mwingine aliyelilia behewa la saruji.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Alikuwa na akili nyepesi na tabia moja mbaya: alichungulia majibu nyuma ya kitabu cha hesabu, kisha akaapa kwamba alikuwa akijua tangu mwanzo. Wala hakuwa anadanganya. Akishaliona jibu, aliamini kwa moyo wote kwamba angelifikia mwenyewe. Mama yake, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alichukua sindano na uzi akazishona zile kurasa za mwisho. "Ukimaliza hesabu zako, njoo nikufumulie," akamwambia. Mwaka ule aliteseka kwelikweli, lakini alama zake zilimfikisha sekondari, na kutoka hapo chuo kikuu, alikohitimu uhandisi wa umeme mwaka 1975.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika ofisi ya hataza. Kwa wasioijua kazi hiyo, mtu akivumbua kitu huomba hataza ili wengine wasikinakili bila idhini yake. Mkaguzi husoma ombi, kisha hupekua nyaraka za zamani aone kama kitu hicho kilishajulikana, au kama fundi yeyote wa kawaida angekifikia bila kuumiza kichwa. Marehemu aliipenda kazi hiyo. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu mwisho wa korido, chenye dirisha linalotazama ukuta, kabati la chuma lisilofunga vizuri, na viti viwili: cha kwake na cha mwombaji.

Alifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1979 na mwalimu wa sayansi. Walikutana kwenye foleni ya posta, alipompisha. Wiki iliyofuata akampisha tena, na iliyofuata vilevile, mpaka mwalimu huyo akamwuliza kama kweli ana barua ya kutuma au ameajiriwa pale kupisha watu. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana, na katika nyumba yao hapakupungua kicheko mpaka Oktoba 1994.

Mwezi ule alimsikiliza mhandisi mmoja, rika lake, aliyekuwa ameacha kazi ya mshahara ili amalizie uvumbuzi wake. Ndani ya kompyuta kazi nyingi hugombea kuhudumiwa, na zenye haraka hutangulizwa mpaka nyingine husahaulika kabisa. Mhandisi huyu alibuni sakiti ya kuipanga foleni hiyo. Kila kazi iliyotangulizwa iliziachia uzito wake zile ilizozipita, na iliyopitwa mara nyingi ikawa nzito kiasi kwamba hakuna tena cha kuizuia. Alikuja na mfano wake ndani ya sanduku la mbao lenye mstari wa taa ndogo. Taa ya mwisho ikapitwa, ikapitwa tena, kisha ikawaka yenyewe kabla ya zote. Marehemu alisema baadaye kwamba ilipowaka alimkumbuka baba yake na treni ya mizigo.

Hata hivyo alimkatalia. Alikuwa amepata nyaraka mbili za zamani, moja ya mitambo ya simu na nyingine ya kumbukumbu za kompyuta, na ukiziunganisha, uvumbuzi ule unatokea. Aliandika kwamba fundi yeyote angeziunganisha, na mkubwa wake, aliyekuwa amesimama mlangoni siku ile, alikuwa ameshamsifu kwa upekuzi huo. Mhandisi hakupandisha sauti.

"Ndugu mkaguzi, nina swali moja tu," alisema. "Wazo la kuziunganisha hizi mbili, ulilipata kabla ya kusoma ombi langu, au baada?"

Marehemu alimtazama mkubwa wake, halafu akatazama meza.

"Uamuzi umeshatolewa," akajibu.

"Sawa. Sanduku ni zito, nitalifuata nikipata gari."

Hakurudi. Alasiri ile ile marehemu alizilaza nyaraka zile mbili mezani na kuzisoma mstari kwa mstari, akitafuta neno lolote la kumwambia mtu azikutanishe. Hakuna. Aliyezikutanisha ni mhandisi, na mkaguzi alikuwa amechungulia nyuma ya kitabu, akaapa kwamba alijua. Angeweza kwenda kwa mkubwa wake siku hiyo hiyo. Hakwenda, kwa sababu alikuwa anangoja kupandishwa cheo, na hilo pia aliagiza lisemwe. Alijifariji kwamba mhandisi atakata rufaa. Muda wa rufaa ukapita, ombi likafa, na baada ya miaka michache mashine za watu wengine zikawa zinapanga foleni zao kwa namna ile ile, bila yeyote kumtaja aliyeanza.

Tangu hapo mjomba hakuwa peke yake. Alisikia nyayo koridoni zikija mpaka mlangoni na kuishia hapo. Kiti cha mwombaji hakukiwekea hata faili. Hodi ikibishwa nyumbani alikuwa wa kwanza kuinuka, hata akiwa na tonge mkononi, kisha akarudi akiwa amenyong'onyea kwa sababu ni jirani tu amekuja kuazima ngazi. Alipostaafu mwaka 2011 alilileta lile sanduku nyumbani, akaliweka sebuleni. Watoto wa nyumba walikatazwa kuligusa, na hawakuhitaji kukatazwa mara mbili. Taa ile ya mwisho ilikuwa na namna ya kuwaka wakati umeshaacha kuitazama.

Mkewe ndiye aliyemwambia amtafute mhandisi. Walikwenda pamoja mpaka iliyokuwa karakana ya mhandisi, wakakuta panauzwa magodoro. Muuzaji aliwaonyesha nyaya za umeme zilizobaki ukutani na kuwauliza kama wanataka la inchi sita au nane. Walirudi nyumbani. Mke wake alifariki mwaka 2016, na katika maneno yake ya mwisho alimhimiza mumewe asichoke kutafuta.

Kazini, kabla hajastaafu, kosa lile lilizaa utaratibu. Ombi jipya likifika, marehemu alisoma tatizo peke yake. Kurasa zenye ufumbuzi alizishona kwa uzi mweusi kutoka kwenye droo yake, akashinda siku nzima akihangaika kulitatua mwenyewe. Akishindwa, ndipo alipofumua. Wenzake walicheka, wakamwita Bwana Kabla, maana kila mkaguzi aliyeingia chumbani kwake na nyaraka za kukatalia aliulizwa swali lile lile alilolikwepa yeye. Wengi walirudi kwenye meza zao wakaanza upya. Baadhi yao wapo hapa leo, na tumeambiwa wana uzi kwenye droo.

Mwaka 2018 madaktari walimweleza kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Akawaita ndugu zake wangali wanafahamika kwake, akaagiza haya yote yasomwe siku ya maziko yake. Kaka yake mkubwa alikataa katakata. Alisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hakuna haja ya kuitangaza mbele za watu.

"Mwenye haki ya kujua siyo mwosha, kaka," marehemu akamjibu. "Na simjui aliko. Msibani watu huja kutoka kote."

Ugonjwa ulichukua majina yetu, ukachukua mpangilio wa mambo, mpaka akawa anamsubiri mkewe atoke shule. Swali halikuchukuliwa. Mwaka jana fundi bomba, mzee mwenye mvi, alikuja kutengeneza tangi. Mjomba alisimama kwa shida, akamvutia kiti, akasema, "Baada. Nililipata baada ya kusoma ombi lako." Yule fundi, spana mkononi, alimtazama mpwa mlangoni, kisha akaketi. "Nimekusikia, mzee. Yameisha," akasema. Mjomba alilia kama mtoto, nasi tukadhani amepata nafuu. Kesho yake asubuhi alituuliza kama yule mtu ameshakuja.

Alifariki tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, katika kiti chake sebuleni, uso ukielekea mlangoni. Nimonia ndiyo iliyomchukua. Kaka yake ndiye aliyemfumba macho, na ndiye aliyesema baadaye, bila kuulizwa, kwamba wasifu usomwe wote.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, dada mmoja, na wapwa wasiopungua kelele. Ameacha pia mtu mmoja ambaye hatumjui sura wala aliko, na ambaye huenda ametangulia. Kama yuko hapa, hatutamwomba ajitambulishe. Sanduku lake lipo mezani, karibu na kitabu cha rambirambi, na nje kuna gari tayari kumpeleka nalo popote anapoishi. Likibaki, tutalirudisha sebuleni, na mlango ukigongwa tutainuka sisi.

Bwana mhandisi, jibu ni "baada". Sasa mwache mjomba apumzike.