Delbert na Kodi ya Mwaka Juzi

Mbele ya duka la chakula cha mifugo, katika mji mmoja wa Nebraska ambako ukipiga chafya kanisani unapewa pole benki, kuna benchi lenye wenyewe. Yupo Virgil, wanamwita Jaji kwa sababu aliwahi kukaa siku tatu mahakamani kama mzee wa baraza, kesi ya wizi wa ndama. Yupo Merle, Redio, asiyezimika. Na yupo Delbert, Kibubu, aliyestaafu kwenye ghala la mahindi lakini akaendelea kuweka akiba ya uzeeni kila mwezi, kwa mazoea tu. Kumbe kisheria akaunti ile ya uzeeni hupokea pesa ya mshahara tu, si ya pensheni. Benki ikagundua, ikamrudishia zote na faida yake, dola arobaini. Faida hiyo ilitakiwa iandikwe kwenye kodi ya mwaka juzi, na Delbert, kwa kiherehere chake, alikuwa ameshapeleka fomu ya mwaka huo bila faida hiyo. Tangu hapo usingizi ulimpaa, akamwambia mkewe Lorene kwamba safari ya Oregon isubiri mpaka jambo hili liishe.

— Nirekebishe au ninyamaze? akauliza, kama alivyouliza majira yote ya baridi.

— Nyamaza, akasema Jaji. Kesi usipoiamsha, inajifia yenyewe. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Mimi siendi pole, Jaji. Mimi siendi kabisa!

— Basi utakula nyama nyingi zaidi.

Redio akajimiminia kahawa.

— Kibubu, sikiliza. Ukirekebisha mwaka mmoja, watu wa kodi wanafungua yote. Wanarudi mpaka mwaka uliouza lile trekta.

— Trekta lilikuwa la baba!

— Ndiyo hivyo, na baba watamfungulia jalada!

— Baba amekufa, Merle.

— Wao wanajua hilo? Umewaandikia?

Delbert akajaribu kukumbuka. Hakuwa na hakika kama aliwaandikia.

— Lakini mficha uchi hazai, akasema kinyonge.

— Una watoto watatu, bwana, ficha tu! akadakia Redio. Halafu nimesikia ukituma ile fomu ya marekebisho, kuna mashine inanusa karatasi. Inajua kama mkono ulitetemeka.

— Ukitetemeka?

— Wanakuja na helikopta. Wanahesabu kuku.

— Sina kuku.

— Utawaeleza vizuri hayo, akasema Jaji. Kisheria, asiye na kuku ndiye wa kushukiwa kwanza.

Hapo gari la Lorene likasimama. Akashuka na koti lake zuri la Pasaka, bahasha mkononi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na begi moja. Hajawahi kusogelea benchi hilo. Huwa anapiga honi tu.

— Habari zenu, waheshimiwa. Del, fomu nimejaza mwenyewe. Kodi yenyewe haifiki bei ya matairi mawili. Mimi nimesaini, bado wewe.

— Mama, tulikuwa bado tunaichambua...

— Basi la Oregon linaondoka saa sita. Dada yangu hanisubiri milele, na bahari sijaiona. Nina swali moja. Huo uzee tuliouwekea akiba miaka yote, unaanza lini?

Delbert akamtazama Jaji. Jaji akatazama ndani ya kikombe. Redio akajimiminia kahawa nyingine.

— Nilidhani mnajua, akasema Lorene. Akaweka bahasha juu ya benchi, akarudi kwenye gari, akawasha.

Aibu ikampanda Delbert mpaka masikioni. Akaitoa fomu, akaitandaza gotini.

— Nani ana kalamu?

Wakapapasa mifuko. Majira yote ya baridi wameijadili karatasi ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kalamu. Delbert akaikunja fomu, akamwaga kahawa yake, akaanza kulikimbilia gari.