Mwalimu Jeptoo, Tajiri wa Kiwanda cha Darasa la Tisa

Alhamisi, tarehe 25 Juni 2026, Mwalimu Jeptoo anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja ya kufundisha historia katika shule yetu hapa Doha. Hakuchelewa hata siku moja, na sisi tuliochelewa hakutuacha tusahau.

Mada aliyoipenda ni Marekani ilipokuwa ikijenga viwanda mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Sisi walimu wengine tuliandika tu ubaoni: reli, chuma, umeme, nyumba za kubanana, watoto mitamboni. Yeye aligeuza darasa la tisa kuwa kiwanda cha maboksi ya karatasi kwa wiki nzima, akajifanya tajiri. Alifuta mapumziko, akapiga marufuku kucheka, kisha akazima kiyoyozi. Maboksi yaliongezeka ajabu. Wazazi nao walimvizia kanisani Mesaimeer baada ya ibada ya Ijumaa, wakilalamika kwamba watoto sasa wanadai mapumziko kabla ya kuosha vyombo.

Mwaka 2017 wakaguzi walitua wiki hiyo hiyo ya kiwanda. Walikuta darasa zima limeketi kwenye korido na mabango mkononi, limegoma. Leo nakiri: aliyekimbia kumshtaki Jeptoo kwa mkuu wa shule, Bi Fiona, ni mimi, Eugene, mkuu wa idara yake. Mkataba wake mpya ulikuwa mezani, haujasainiwa, na bila mkataba angefungasha virago arudi Kenya. Bi Fiona alimwonea huruma, akamwambia aseme tu kwamba watoto walikosa adabu.

“Watoto wamefaulu somo,” Jeptoo alijibu mbele ya wakaguzi. “Kama kuna wa kufukuzwa, ni mwenye kiwanda.”

Wakaguzi ndio walioanza kucheka. Bi Fiona akasaini, kwa sharti kwamba kuanzia hapo mgomo uwekwe kwenye ratiba. Upo hadi leo, Jumatano saa nne, na msimamizi wake niliteuliwa mimi.

Jeptoo hakuninunia. Mwezi uliopita nilimwandikia Bi Fiona tena, safari hii nikiomba Jeptoo aongezewe mwaka mmoja. Bi Fiona alikubali papo hapo. Aliyekataa ni Jeptoo mwenyewe. Alinikumbusha kwamba wafanyakazi wale wa viwanda vya Marekani waligoma miaka na miaka ili kazi iwe na mwisho, na kwamba hakufundisha hayo ili aje ayavunje.

Roho inaniuma. Asante, Mwalimu. Ufike nyumbani Iten salama, ulale hadi jua likuamshe.