Ndalahwa Malimi, Mwenye Utupa wa Nyabusili (1932–1999)

Mzee Ndalahwa Alexander Malimi, tunayemlaza leo kando ya mke wake, alizaliwa tarehe 4 Aprili 1932 huko Igoma, wakati Igoma ilikuwa bado mashamba na malisho. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Malimi na Bibi Sabina, na kati ya ndugu zake wote ni yeye peke yake aliyefikia uzee.

Alisoma shule ya misheni Bukumbi kuanzia mwaka 1942 hadi alipomaliza Darasa la Nne mwaka 1946. Mwalimu wake alitaka aendelee, lakini baba yake aliugua na ng'ombe walihitaji mchungaji. Hakuacha kusoma. Alisoma chochote kilichoandikwa, hata maelezo kwenye makopo ya dawa, tena kwa sauti, hata kama hapakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Alifanya kazi miaka michache katika kiwanda cha kuchambulia pamba, kisha mwaka 1962 akaajiriwa kuwa mhudumu wa josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Mwaka 1968 alihamishiwa hapa Nyabusili, ng'ambo ya kivuko cha Busisi, na hakuhama tena. Kila Alhamisi ng'ombe wa kitongoji kizima walipita katika josho lake. Aliwajua kwa pembe, kwa rangi na kwa tabia. Mwaka 1993 alipunguzwa kazini. Dawa ya kuogesha ikawa bidhaa ya dukani, mwenye uwezo anunue, na josho likakauka. Kwa muda mrefu aliendelea kulifagia kila Alhamisi.

Tarehe 17 Agosti 1957 alifunga ndoa na Bibi Teodora, mzaliwa wa Ukerewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wilhelmina na Nestory. Bibi alikuja na mbegu za mmea wa utupa zilizofungwa kwenye pindo la khanga, akazipanda kuzunguka mihogo ili kufukuza fuko, na walipohamia hapa akazipanda tena. Mzee alimtania kwamba wanawake wengine huja na vyungu, yeye amekuja na sumu. Bibi alimjibu, "Na wewe umenikaribisha kwa kupe. Tuko sawa." Bibi Teodora alitangulia mbele ya haki mwaka 1991. Kuanzia hapo maua meupe ya utupa yalichanua nje ya nyumba yenye mtu mmoja.

Josho lilipokufa, Mzee aliugeukia mstari ule wa utupa wa mke wake. Alijua kwamba maji ya majani ya utupa huua kupe. Alijua pia, kama ajuavyo kila mtu wa mwambao, kwamba maji hayo hayo yakifika ziwani huua samaki, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo alipanda miche mipya juu kabisa, nyuma ya mawe, mbali na ziwa. Alizungushia ua wa minyaa na kuchimba mtaro ili maji ya mvua yasishuke na sumu yake. Alichuma jani moja moja kwa mkono. Aliyatwanga katika kinu kisichoingia jikoni, huku amejifunga kitambaa puani, na machicha aliyafukia shimoni pamoja na maji ya kunawia. Maganda aliyavuna kabla hayajakauka, kwa sababu yakikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali.

Kanuni yake moja iliwaudhi wengi. Hakumpa mtu majani. Mkwe wake aliyetoka Geita kuomba kifurushi kidogo alirudi mikono mitupu, na kwa miezi kadhaa hakukanyaga hapa. "Majani hayatoki," Mzee alimwambia. "Mlete ng'ombe." Wengi waliopo hapa walileta ng'ombe wao, wakaoshwa, wakapona.

Asubuhi ya tarehe 20 Oktoba 1998 alikuta ua umebomolewa na miche mingi imekatwa kwa panga. Hakujua ni nani, na hadi anafariki hakuwahi kumtaja mtu kwa kukisia. Angeweza kuziba ua na kunyamaza. Badala yake alishuka mwaloni, ambako mitumbwi ilikuwa inaingia na magari ya viwanda yanasubiri sangara, akasimama karibu na mizani. Alisema, "Utupa wangu umeibwa. Samaki wa leo msile, wala msiuze." Magari yaligeuza. Jua lilipopanda, samaki walianza kuelea ghubani, na hakuna aliyekuwa amewala. Lakini kwa majuma mengi baadaye wanunuzi hawakufika Nyabusili, na nyumba nyingi zililala njaa. Mtu pekee ambaye jina lake lilijulikana katika jambo lile alikuwa yeye.

Mkutano wa kitongoji ulimtaka ang'oe mmea wote. Alijibu kwamba ua ataujenga upya na kosa la ua dhaifu ni lake, ila mmea hataung'oa, maana mvua zikija kupe watarudi. Alitengwa. Asisalimiwe, asiombwe moto wala kupewa, asiingie msibani kwa mtu, na siku yake ikifika azikwe na watoto wake wenyewe. Wilhelmina alikuja kutoka Mkuyuni kumsihi aung'oe. Alimsikiliza, akamfungia viazi vya kwenda navyo, akamsindikiza hadi kivukoni.

Masika ya mwaka 1999 ndama walianza kufa kwa ndigana, ugonjwa uletwao na kupe. Alhamisi moja Mzee alikuta ng'ombe wa jirani yake, Bwana Kija, wamesimama langoni, na mwenyewe yuko mbali chini ya mawe, ameangalia pembeni. Mzee aliwaosha wote. Kisha, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na Kija, alimgeukia ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika.

"Mwambie bwana wenu," alisema kwa sauti kubwa, "msipelekwe ziwani kunywa mpaka mkauke."

Kija naye alimwambia ng'ombe yule, "Mwambie ngosha tumesikia." Kwetu ngosha ni mwanamume, na hapo alimaanisha Mzee.

Wiki iliyofuata yalikuja makundi mengine. Masika yote yaliendelea hivyo. Ng'ombe walifika langoni, watu hawakufika. Mzee alituma salamu zake kwa ng'ombe, akauliza habari za wagonjwa kwa ng'ombe, na mara moja alimpa ndama pole ya msiba. Alipomsimulia mwanawe alicheka sana. Kisha akasema kwamba jioni ng'ombe wakiondoka, kimya cha nyumba huwa kizito kuliko zamani.

Mwezi Julai alianza kupata shida ya kumeza. Alipimwa hospitali ya Bugando na kukutwa na saratani ya koo. Alitunzwa na Wilhelmina huko Mkuyuni, lakini hakutulia. Hakuogopa kufa. Aliuliza jambo moja, na aliliuliza zaidi ya mara moja: "Nani atanichimbia?" Mwezi Septemba aliomba kurudishwa nyumbani. Hata sauti ilipokwisha, aliketi langoni siku ya Alhamisi na kuwagusa ng'ombe shingoni wakipita.

Alifariki Jumanne tarehe 16 Novemba 1999, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono. Familia ilikuwa na jembe moja. Nestory alikuwa ameanza kuchimba peke yake alipotokea Bwana Kija, na nyuma yake wanaume wa kitongoji na majembe yao. Hawakuingia. Kija alimwendea ng'ombe wa marehemu aliyefungwa kando ya lango, akavua kofia.

"Mwambie ngosha tumekuja," alisema.

Nestory alimpisha shimoni.

Marehemu ameacha watoto wawili, Wilhelmina na Nestory, na wajukuu watano, akiwemo Winnie anayewasomea maneno haya. Ameacha pia ng'ombe wanne na utupa wake, ambao Bwana Kija ameomba kuutunza. Familia imekubali. Ua utabaki, na majani hayatatoka.

Babu apumzike kwa amani, kando ya Bibi, na huko aliko asikose wa kusema naye.