Sikuwa na Neno la Kumnong'oneza Mwanangu

Bwana asifiwe, watu wa Mugoma! Mmenizoea hapa mbele, mimi Mama Neema, nikiongoza maombi. Leo sihubiri. Nimekuja kusema jinsi nilivyofunguliwa, na aliyenifunga si mchawi. Nilijifunga mwenyewe, tena kwa kamba za kanisani!

Ndugu zangu, mnanijua. Semina Keza, nipo. Mkutano Nyantakara, nipo, hata kama bodaboda imekwama kwenye tope. Kwaya, msiba, kikao cha akina mama, nipo. Nyumbani tu ndiko sikuwepo. Watoto wangu wawili, Neema na Ezekieli, walikuwa wakilelewa na bibi yao, mama mkwe wangu, nami nikajisemea Mungu amenipa msaidizi.

Siku moja nilikuwa nimerudi, nimekaa uani navua viatu. Ezekieli, wa miaka sita, akamwagikiwa uji wa moto mkononi. Akatoka jikoni analia. Nikafungua mikono nimpokee. Mtoto akanipita! Akanipita kama anayepita nguzo ya umeme, akakimbilia kwa bibi yake migombani. Niliona aibu, ndugu zangu. Nilivaa viatu vyangu tena, nikaenda semina.

Huko mwalimu alitufundisha desturi za Wayahudi. Alisema Ijumaa jua likikaribia kuzama, familia huacha kazi. Mama huwasha mishumaa, wote hukaa mezani, na mzazi humwekea kila mtoto mkono kichwani akambariki. Wengine humnong'oneza mtoto jambo jema waliloliona kwake wiki ile. Nikaandika haraka haraka kwenye daftari. Ya nini? Nikawafundishe watu wa Nyantakara, tena Ijumaa ileile jioni!

Neema akalisoma daftari langu. Akaniuliza, "Mama, na sisi utatubariki lini?"

Nikapiga simu Nyantakara, nikawaambia siji.

Ijumaa ile nikawasha mshumaa, nikamwekea Neema mkono, nikaanza. Nikakemea mapepo, nikanguruma, mpaka baba yao akasema, "Mama Neema, hapa hakuna spika. Ugali unapoa."

Wakacheka, nami nikacheka, nikashusha sauti. Nikamwinamia Ezekieli sikioni nimwambie jema nililoliona kwake. Nikatafuta. Jumatatu alifanya nini? Sijui. Jumanne je? Sijui. Wagonjwa wa kata nzima nawajua kwa majina, lakini wiki ya mwanangu siijui! Neno hata moja sikuwa nalo. Nililia palepale, maharage yakiwa mbele yangu.

Hapo ndipo nilipofunguliwa. Ili niwe na la kunong'ona Ijumaa, ilinibidi niwepo Jumatatu! Uongozi wa maombi nikamwachia dada yetu mmoja, na maombi yanaendelea vizuri, tena pengine kuliko zamani. Ijumaa jioni simu naifukia kwenye debe la mahindi. Nikaanza kumwona mwanangu. Kumbe anamwogopa jogoo wa jirani. Kumbe humpa mbuzi wetu maganda ya ndizi kabla yeye mwenyewe hajala. Hilo nilimnong'oneza. Akatabasamu, nikaona pengo la jino ambalo sikujua limeng'oka.

Sasa sikieni ya juzi. Nyuki alimuuma Ezekieli. Akatoka migombani analia, na bibi yake yuko hatua mbili tu kutoka kwake. Mimi nilikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja, nafua. Ndugu zangu, akampita bibi! Akanijia mimi, mkono umevimba, akajitupa kifuani kwangu na mapovu yangu yote.

Bibi akacheka, akasema, "Haya, leo mwenye mtoto amepatikana."

Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya nyuki yule! Namshukuru hata leo. Nawashukuru na Wayahudi, watu ambao sijawahi kuwaona, kwa kuitunza jioni yao mpaka habari zake zikatufikia huku Ngara.

Wewe mama, wewe baba uliyechoka kwa kazi njema, mtumaini Mungu. Kanisa ni lake, atalilinda. Ijumaa hii wahi nyumbani. Na mimi jua likizama msinitafute. Nina vichwa viwili vinavyoungoja mkono wangu.