Kabuti Hajazikwa

Andati: Haloo? Haloo! Ni nani huyo?

Zilpah: Ni mimi.

Andati: Wakina mimi ni wengi hapa Nairobi, mama. Mimi gani, wa kodi ya nyumba ama mimi wa—

Zilpah: Mimi wa kwenu.

Andati: Aa! Dada Zilpah! Ngoja. Usiseme kitu. Kabla hujafungua hicho kinywa, nakiri: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Mjinga nambari wani, wa pili hayuko. Haya, sasa tusalimiane.

Zilpah: Mjinga wa nini?

Andati: Wa kila kitu. Wa kuondoka bila kumuaga Mama. Wa gari la kamera kukanyaga mrenda wake. Chagua wewe, mimi nimeshaweka sahihi.

Zilpah: Habari ya Nairobi?

Andati: Baridi tu. Habari ya Khayega?

Zilpah: Niko Kakamega, kwa kibanda cha posta. Simu ya dukani kwa Anwar imekufa. Mvua inanyesha, na nyuma yangu kuna foleni kama ya mahindi ya msaada. Kwa hivyo usinichekeshe.

Andati: Sijakuchekesha bado. Nikianza utajua.

Zilpah: Andati.

Andati: Bravin unamkumbuka? Yule mwigizaji wangu ni mtu wa ajabu, wallahi. Watu wanamlilia yeye, ndiye maiti, na yeye yuko jikoni kwako anakula ingokho, kuku wa matanga yake mwenyewe! Nikamwambia, Bravin, heshimu marehemu—

Zilpah: Andati!

Andati: Na yule Mama Jescah! Nilimwambia, "Mama, lia tena, kamera ilikuwa na vumbi," akaniangalia hivi, akaniambia, "Kijana, mimi maiti mmoja namliliaga mara moja. Ukitaka nilie tena, lete mwingine." [anacheka] Lete mwingine! Zilpah, uko?

Zilpah: Niko.

Andati: Mbona hucheki?

Zilpah: Uliza Mama yuko vipi.

[laini inakwaruza]

Andati: Mama yuko vipi?

Zilpah: Amekaa.

Andati: Amekaa wapi?

Zilpah: Kwa shimo.

Andati: Shimo gani?

Zilpah: Kwani umechimba mashimo mangapi kwa boma la watu? Lile ulilochimba Jumamosi nyuma ya nyumba, kwa hiyo sinema yako. Ukateremsha jeneza tupu, ukalipandisha tena kama ndoo ya kisima, ukalifunga juu ya gari, ukaenda. Shimo ukatuachia.

Andati: Nilifunika na mabati!

Zilpah: Mama ametoa mabati. Amekaa hapo na mwavuli tangu siku hiyo. Tunampelekea obusuma, ugali wa moto, kuku wanakula. Jirani wanapita njia ya mbali. Hata mbwa hapitingi huko.

Andati: Si nilimwambia Jumamosi hii narudi? Imebaki shoti moja tu. Moja! Kamera inaingia ndani ya shimo, inaangalia juu, nyuso zote zimeinama, halafu—

Zilpah: Andati, wewe ulizaliwa wapi?

Andati: Hilo ni swali gani?

Zilpah: Nauliza. Ama siku hizi ni Mzungu? Kaburi likichimbwa haliwezi kulala wazi. Hata mtoto wa chekechea wa Shinyalu anajua. Lisipopata mtu linatafuta mtu.

Andati: Lakini ni la sinema, dada! Ni mchezo! Ni kama kile kiti cha enzi nilichotengeneza na maboksi ya sabuni. Kuna mfalme alikuja kukikalia?

Zilpah: Kwa kaburi walikuja. Khisa wa Shianda alileta fahali, alisikia ngoma ya isukuti akajua kuna mtu. Mhubiri ulimwambia aombe kidogo, akaomba mpaka akalia. Na wale kina mama ulikuwa umewafundisha wamlilie nani?

Andati: Kabuti. Mtu wangu wa vibonzo. Ndiye shujaa wa filamu, ndiye anakufa.

Zilpah: Na wakamlilia nani? Uliwasikia ama hukuwasikia?

Andati: Nilikuwa na hedifoni.

Zilpah: Kwani hedifoni si za kusikia? Walimlilia Willis, ndugu yako. Jina lake kabisa. Jescah alianza, wote wakaingia. Watu wamekaa miaka hii yote na kilio kimekwama kooni kwa sababu hatukupata mwili, halafu wewe unawaletea jeneza. Ulidhani watamwita nani?

Andati: Filamu ni filamu—

Zilpah: Baba, ngoja kidogo! Na mimi pia nina msiba!

Andati: Umesema nini?

Zilpah: Si wewe. Kuna mzee hapa ananisukuma na bakora.

Andati: Umemwambia una msiba?

Zilpah: Ndiyo maana nimekupigia. [sarafu inaanguka] Sikiliza haraka. Wazee walikaa jana. Wamesema kama shimo limeshachimbwa, na kijana wa boma hili hajulikani alipo tangu Agosti ile ya mapinduzi, basi Mungu ameshaamua. Mgomba umekatwa. Uko sebuleni, umevikwa shuka. Utalala shimoni badala ya mwili wake, tumalize. Unangojewa mkono wako.

Andati: Mkono wangu?

Zilpah: Udongo wa kwanza ni wa ndugu yake. Na ndugu yake ni wewe peke yako. Mama amesema hatoki hapo mpaka uje.

Andati: Hapana.

Zilpah: Hapana nini?

Andati: Siziki ndizi nikaiita Willis. Nenda uwaambie wazee hivyo. Ndizi ni ya kupika matoke.

Zilpah: Cheza tu. Wewe umechezanga kila kitu.

Andati: Sichezi! Zilpah, aliniambia anarudi sasa hivi. Tuliamka Kariobangi risasi zinalia mbali huko, hakuna chai, akasema anatafuta mkate, anarudi sasa hivi. Hata kabuti lake aliacha kwa msumari. Mtu anayeenda kufa anaacha kabuti?

Zilpah: Najua.

Andati: Asubuhi ya baridi namna ile—

Zilpah: Najua, Andati. Mimi ndiye nililikunja ulipolileta nyumbani.

[laini inakwaruza]

Zilpah: Na nani alimsomea Mama vile vitabu vyako vya Kabuti? Kila mwezi nilitembea mpaka stendi kununua. Namsomea viboksi kimoja kimoja: Kabuti ameangushwa kwa daraja, Kabuti amemezwa na mamba. Na toleo linalofuata, huyo, amerudi, amesimama mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo. Vile Willis alisimamanga. Unafikiri Mama hakuona? Hakuulizanga, "Kabuti amefanya nini?" Aliuliza, "Amefika wapi?"

Andati: Hukuniambia.

Zilpah: Wewe ndiye ulikuwa unachora. Hukujua unamchora nani? Gazeti lilipofungwa alikaa akiniuliza, "Mwezi huu hajaandika?" Kama vile ni barua.

Andati: Ndiyo maana nikaenda kwa kamera.

Zilpah: Ulisema ni sababu wino haulipi.

Andati: Wino haulipi. Lakini pia... Kwa karatasi amesimama tu, Zilpah. Unachora miguu, unachora vumbi, unachora na mistari ya upepo, lakini amesimama tu. Nilizunguka na lile gari la matangazo ya sabuni, tunaonyesha sinema viwanjani, Ekero, Bungoma, wapi. Naona watu kwa shuka nyeupe wanatembea. Wanapiga kona. Nikasema, siku moja nitamwona akitembea. Tu hivyo. Akija kwangu.

Zilpah: Na ukamfanyia nini ulipopata kamera? Ukamuua.

Andati: Anafufuka! Ndiyo hiyo shoti iliyobaki! Kamera iko chini, nyuso zote zimeinama, halafu zinaanza kushangaa, moja moja, kwa sababu anatoka. Kabuti hajawahi kubaki chini. Mkifukia hilo shimo, sinema yangu inaishia kwa maiti.

Zilpah: Chimba lingine huko Nairobi.

Andati: Na avokado yetu, na nyumba, na uso wa Mama, nitavichimba wapi?

Zilpah: Andati, Mama anakohoa. Shimo linaingia maji. Chagua sinema ama—

Andati: Nikuulize kitu. Usinicheke.

Zilpah: Nimecheka saa ngapi?

Andati: Kabuti la Willis bado liko kwa sanduku la Mama?

Zilpah: Kwa nini?

Andati: Jibu tu.

Zilpah: Liko. Kwa nini?

Andati: Riili ya Jumamosi imetoka kusafishwa leo asubuhi. Nimeiangalia. Nimeirudisha nyuma, nimeiangalia tena, mpaka kijana wa mashine amenishuku. Zilpah, nyuma ya waombolezaji, kwa ua, chini ya avokado. Kuna mtu.

Zilpah: Watu walikuwa wengi.

Andati: Amevaa kabuti. Lile la kahawia. Sikumweka hapo. Mimi kila mtu nilimpanga kwa mkono wangu, nilichora viboksi vyote kabla, na kwa kile kiboksi hakuna mtu chini ya mti.

Zilpah: Si ni Bravin.

Andati: Bravin alikuwa kwa kuku wako! Na kabuti la sinema lilikuwa limefungwa ndani ya gari, halafu ni jeusi.

Zilpah: Uso umeona?

Andati: Kola imesimamishwa, kofia imeshuka. [sauti inapungua] Kwa hivyo usiniambie habari ya ndizi. Nitamtupia udongo vipi mtu ambaye Jumamosi alikuja nyumbani?

[mvua, laini inakwaruza, sarafu inaanguka]

Zilpah: Ni mimi.

Andati: Nini?

Zilpah: Huyo chini ya mti. Ni mimi.

Andati: Wacha, Zilpah.

Zilpah: Mama alinivalisha. Alipoona jeneza tupu linaingia bomani aliogopa. Akasema, "Huyu mtoto analiita kaburi na hana cha kulipa." Akafungua sanduku, akaniambia, "Vaa, usimame pale, shimo lione mwenyewe yuko, lisitafute mwingine." Nikavaa. Linanuka dawa ya nondo mpaka macho yakanitoka machozi. Basi. Ndiyo mzimu wako huo. Dada yako na kofia ya baba.

Andati: [anacheka kidogo] Nambari wani, nilikuambia. Mjinga nambari wani. Nimekaa hapa tangu asubuhi, hata chai sijaweza kunywa, kwa ajili yako!

Zilpah: Pole.

Andati: Woi, Zilpah. Na ukasimama mguu juu ya mguu kabisa! Ulijifunza lini?

Zilpah: Mguu juu ya nini?

Andati: Kama korongo. Kama yeye.

Zilpah: Mimi sisimamangi hivyo. Nina goti, wewe unajua.

Andati: Labda... labda ni kivuli. Filamu inadanganyanga. Ulikaa hapo mpaka mwisho, si ndiyo?

Zilpah: Mpaka mhubiri aseme amina. Isukuti ilipoanza nikavua, nikalirudisha kwa sanduku. Nilikuwa na watu wa kulisha.

Andati: Isukuti ilipoanza?

Zilpah: Ndiyo.

Andati: Kabla Mama Jescah hajaanguka chini?

Zilpah: Jescah nilimsikia nikiwa jikoni. Nilikuwa na mwiko mkononi, nasonga. Bravin anaweza kukuambia. Kwa nini?

Andati: Zilpah.

Zilpah: Nini? Sema, hii ni sarafu ya mwisho.

Andati: Jescah anaanguka. Wanamwinua. Isukuti inapigwa mpaka riili inaisha, nyeupe tupu.

Zilpah: Eeh?

Andati: Na yeye bado amesimama.

[laini inakwaruza kwa muda]

Andati: Zilpah? Uko?

Zilpah: Niko.

Andati: Unaona sasa? Unaona kwa nini siwezi? Kama ni wewe, basi Willis hajarudi, hatuna cha kuzika. Na kama ni yeye... kama ni yeye mtu amesimama, dada. Kwa macho yangu. Nani anazika mtu aliyesimama?

Zilpah: Kama ni mimi, njoo. Na kama ni yeye, amesimama tangu Agosti ile, Andati, miguu imemchoka. Njoo umlaze.